Zile Korosho Aliokota Nani?

Mwezi wa nane uliopita nilikaa barazani kwa shangazi yangu, Newala, nikawasomea watoto wa majirani sura ya kwanza ya hadithi ninayoiandika. Mikorosho ilikuwa kwenye maua na watu walikuwa wanaipulizia dawa ya salfa; harufu yake ilikuwa imeingia hadi kwenye kanga. Watoto walikuwa kumi na mmoja, mkubwa wao yuko darasa la sita.

Sura yenyewe ni ya msichana anayeitwa Somoe. Ana miaka kumi. Mwaka ni 1974. Asubuhi mgambo wanafika, wanaezua paa la nyumba yao, vitanda na vinu na kuku vinapakiwa kwenye lori, na ukoo mzima unapelekwa kijiji cha ujamaa. Nilimalizia pale lori linapokata kona, mikorosho ya bibi yake inapotelea kwenye vumbi, na bibi mwenyewe hageuki kutazama.

Ile aya ya mwisho nilikuwa nimeiandika mara tisa. Nikafunga daftari, nikasubiri.

Kulikuwa na msichana mmoja, wa miaka tisa hivi, aliyekuwa anamsuka mdogo wake huku anasikiliza. Akauliza bila kuinua macho kwenye nywele:

"Ma'mdogo, sasa zile korosho aliokota nani?"

Nikamwambia, "Zilibaki kule kule."

"Korosho hazibaki," akasema.

Na wenzake wakatikisa vichwa kukubali, kama wazee kwenye kikao.

## Jibu sikuwa nalo

Nilirudi Mtwara mjini na lile swali. Nilipita nalo sokoni, nikalala nalo. Wiki ya tatu nikakubali kwamba yule mtoto hakuuliza jambo dogo, alikuwa ameweka kidole pale pale nilipofunika.

Nilikuwa nimeandika kuondoka kama mwisho. Lori limekata kona, basi, kule nyuma dunia imesimama na mikorosho imeinama inamlilia mwenyewe. Inapendeza kuisoma. Lakini mtoto aliyezaliwa Newala anajua kwamba mkorosho haumlilii mtu. Ikifika Oktoba unadondosha, mwenyewe awepo asiwepo, na kilichodondoka kitaokotwa.

Nani, basi?

Sikujua. Na nilikuwa nimeishi na watu waliokuwemo kwenye lile lori miaka yangu yote.

## Mstari mmoja wa kitabu

Niseme kwanza kwa nini naiandika hadithi hii, maana wapo wanaoniuliza kama watoto wa leo wanazihitaji habari hizo. Watoto wetu wanasimuliwa Majimaji. Wanasimuliwa uhuru. Ikifika miaka ya 1970 wanapewa mstari mmoja: serikali ilianzisha vijiji vya ujamaa. Nukta. Wanaukariri kwa ajili ya mtihani, kisha wanarudi nyumbani kupakuliwa chakula na bibi ambaye alihamishwa akiwa na umri wao.

Kufikia mwisho wa 1976 nchi ilikuwa na vijiji zaidi ya 7,000 vilivyoandikishwa. Huku kwetu vilianza mapema. Mkoa wa Mtwara, ambao hadi 1971 ulikuwa mmoja na Lindi, ulikuwa kati ya mikoa ya mbele kwa wingi wa vijiji vya ujamaa, na sababu mojawapo ilikuwa ng'ambo ya pili ya Ruvuma. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, ukaangalia bondeni, unaiona Msumbiji kwa macho yako. Kuanzia Septemba 1964 kule kulikuwa na vita, na watu wa bondeni waliijua sauti ya ndege za Mreno. Kukusanya watu pamoja kulikuwa pia namna ya kulinda mpaka. Kwa hiyo mtoto wa hapa alikulia ujamaani na vitani kwa pamoja. Hiyo pekee inatosha kuwa hadithi.

Lakini kila nilipoianza, kalamu ilikwenda kwenye hukumu. Ama ujamaa ulikuwa mzuri na hadithi inaimba, ama ulikuwa mbaya na hadithi inalia. Somoe mwenyewe, mwenye miaka kumi, mwenye njaa ya saa nne asubuhi na jino linalotikisika, nilikuwa simwoni.

## Nilitaka kukimbilia Litowa

Kwa muda nilifikiria kuihamishia hadithi yote kijiji cha Litowa, kule Songea. Vijana wa TANU waliianza wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakalima pamoja, wakagawana pamoja, na shule yao ilikuwa inatekeleza elimu ya kujitegemea kabla Mwalimu hajaiandikia waraka wa 1967. Kisha Septemba 1969 chama kikauvunja umoja wao, ule wa Maendeleo ya Ruvuma.

Hadithi ya namna hiyo inajiandika. Watu wamechagua, watoto wanakua kwenye kitu ambacho wazazi wao wamekiamini, halafu mkono mkubwa unatoka nje na kukivunja. Msomaji mdogo anajua mara moja amlilie nani.

Nilisoma hata habari za kibbutz za Israeli, ambako kwa miongo mingi watoto walilala kwenye nyumba yao ya pamoja, mbali na wazazi. Nikajaribu kulinganisha. Kwetu hakuna aliyelala mbali na mama yake. Chungu kilikuwa cha kila nyumba, na watoto walilala kwa bibi zao kama walivyolala siku zote. Cha pamoja kilikuwa shamba la ujamaa, duka, shule, kisomo cha jioni, na kengele.

Lakini mama yangu hakukulia Litowa. Kijiji chake kipo kati ya Newala na Tandahimba, na hakuna aliyemwuliza bibi yangu kama anakitaka. Novemba 1973 ilishatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Kuandika Litowa kungekuwa kuikwepa barabara yetu.

## Siku moja, watu wawili

Bibi aliisimulia siku ile hadi anakufa, na kila mara alianzia pale pale. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, ilikuwa jikoni. Mgambo walipopanda juu ya nyumba, vumbi la nyasi na masizi ya miaka likaangukia kwenye chungu. "Wakaezua," alikuwa anasema, "na ming'oko haijaiva." Hakusema zaidi. Mikono yake ilikuwa inafunika chungu ambacho hakipo.

Mama naye, ukimwuliza siku ile ile, uso wake unang'aa.

Alipanda gari kwa mara ya kwanza maishani. Alikaa juu ya godoro la usufi, amemshika jogoo. Walipofika aliona watoto wengi kuliko alivyowahi kuona mahali pamoja. "Kule tulikotoka," ananiambia, "mchezo ulikuwa mimi, kaka yangu na mbuzi." Kijijini kulikuwa na shule ya kufika kwa kutembea kidogo tu. Kulikuwa na nyimbo. Kulikuwa na kengele: kipande cha reli, kimetundikwa kwenye mkorosho mkubwa katikati ya kijiji. Kilitoka kwenye ile reli ya Nachingwea, ya mpango wa karanga wa Waingereza, iliyong'olewa mapema miaka ya 1960. Kikigongwa alfajiri, anasema, hadi meno yanasikia.

Na jambo jingine ambalo Bibi hakupenda kulisimulia, nimelipata kwa mama. Ni pale pale kijijini, kwenye darasa la kisomo, chini ya taa ya chemli, Bibi alipojifunza kuandika jina lake. Watoto walichungulia dirishani wakicheka watu wazima wanaokosea. Jioni Bibi alipoitwa mbele na kuandika jina lote, herufi moja moja, chaki ikimvunjikia mara mbili, mama aliacha kucheka. Msimu uliofuata, kwenye malipo ya ufuta, Bibi alikataa kidau cha wino. Akaomba kalamu.

Mwanamke yule yule, na kijiji ni kile kile kilichomwezulia paa.

Nilipoyaweka haya mawili pamoja ndipo nilipoona nilichokuwa nakosea. Nilikuwa nimeuchukua uchungu wa Bibi nikautia kifuani kwa mtoto. Somoe wangu alikuwa na miguu ya miaka kumi na moyo wa miaka arobaini. Yule binti wa Newala alikuwa amemwuliza swali la mtoto, na Somoe hakuweza kujibu kwa sababu hakuwa mtoto.

## Ungo wa mbaazi

Mwezi wa tisa nikaenda kwa mama, Mikindani. Nilimkuta anachambua mbaazi kwenye ungo. Nikaamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikasaidia kidogo. Kisha nikauliza kama nilivyoulizwa.

"Mama, mlipohamishwa, zile korosho za Bibi aliokota nani?"

Mkono ukasimama juu ya ungo. Halafu ukaendelea.

"Tuliokota wenyewe. Mwaka wa kwanza."

Waliondoka jogoo la kwanza, yeye na Bibi na mjomba. Jua linachomoza wako kwenye shamba la zamani. Nyumba haikuwa nyumba tena, kuta zilikuwa zimeanza kuyeyuka kwa mvua ya masika iliyopita. Wakaokota hadi jua la utosi, wakarudi na vikapu kichwani, na jioni kulikuwa na zamu kwenye shamba la ujamaa. Walifanya hivyo msimu mzima.

"Mwaka wa pili majani yalinifika kiunoni. Mkorosho usipofyekewa chini, korosho unaikanyaga huioni. Mwaka wa tatu moto ulipita. Bibi yako akasema basi."

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Wataalamu wanataja ugonjwa wa ubwiriunga, wanataja bei, na wanataja watu waliohamishwa mbali na miti yao. Tarakimu hizi nilizijua tangu chuoni, nimeziandika hata kwenye mitihani. Sikuwahi kukiona ndani yake kiuno cha mtoto na majani yaliyokifikia.

Nikadhani nimepata jibu. Nikatoa daftari.

Mama akatoa kijiwe kwenye mbaazi, akakitupa uani. Akasema:

"Hujaniuliza kijijini tulikuwa tunaokota za nani."

## Doa

"Unafikiri kile kijiji kilikuwa pori?" aliniuliza. "Lilikuwa shamba la watu. Nyumba yetu ilijengwa kati ya mikorosho miwili, na ile mikorosho ilikuwa na mwenyewe."

Familia ile haikuhamishwa. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara, na barabara ndiyo iliyochagua kijiji. Asubuhi moja malori yakaanza kushusha watu kwenye shamba lao. Viwanja vikapimwa kwa kamba, hatua hadi hatua, katikati ya miti ambayo babu yao aliipanda. Kwenye mkutano ikaelezwa kwamba vilivyomo ndani ya kijiji ni vya kijiji.

"Sisi watoto tuliambiwa ni za wote. Lakini tulijua. Mtoto anajua mkorosho wa nani kabla hajajua kuhesabu."

Mama alikuwa anaamka mapema kuliko kengele. Bibo, lile tunda linaloshika korosho, likianguka usiku linakuwa na umande. Alinionyesha kwa vidole, hapo hapo juu ya mbaazi: bibo mkono wa kushoto, korosho mkono wa kulia, unaizungusha mara moja, inaachia. Korosho anatia kwenye mfuko wa madaftari, bibo anatupa au anakula akiwa anatembea. Jioni anampa Bibi, na Bibi anapokea, anamimina kwenye debe, hamwulizi zimetoka wapi.

Nilimtazama mama nikimngoja aseme neno la kumtetea Bibi. Hakusema.

Siku moja alichelewa akaokota akiwa ameshavaa shati jeupe la shule. Maji ya bibo yakamwagikia kifuani. Kila mtu wa huku anajua doa la bibo halitoki. Mwanzoni halionekani, linakuja kukolea baadaye rangi ya kahawia, na ukifua unalisaidia kukolea. Darasani alikuwa anakaa dawati moja na binti wa ile familia. Walikuwa marafiki, wanagawana kipande cha raba. Doa lilianza kuonekana kwenye kipindi cha hesabu. Yule binti akalitazama. Akamtazama mama usoni. Akarudi kulitazama doa.

"Akasema nini?"

"Hakusema. Kesho yake alihamia dawati jingine."

Hapo ndipo nilipoiona sauti ya mama ikibadilika. Paa lilipoezuliwa hakulia. Mikorosho ya kwao ilipoungua hakulia. Hili la dawati amekaa nalo miaka hamsini na ameniambia juzi, kwa sababu mtoto wa Newala aliyekuwa anasuka nywele alikataa jibu langu.

"Na hilo nalo utaliandika?" akauliza.

Nikamwambia sijui.

## Wanaodai funzo

Kwa wiki mbili sikuandika kitu.

Mhariri mmoja niliyemtumia muhtasari mapema mwaka huu aliniuliza, kwa nia njema kabisa, funzo la hadithi ni nini. Namwelewa. Sote tumelelewa na vitabu vinavyomalizia kwa maswali, na la mwisho daima ni lile la "hadithi hii inatufundisha nini". Hata mimi, kabla ya mbaazi, nilikuwa na majibu mawili tayari mfukoni, la kusifu na la kulaumu, nikisubiri kuona lipi litakubalika.

Kwa hili la doa sina jibu la kumpa. Somoe ameporwa. Somoe anaokota za mwenzake. Anakipenda kijiji kwa dhati, anaipenda kengele yake na nyimbo zake na darasa lake, na kijiji kiko juu ya shamba la rafiki yake. Ningemwondolea moja kati ya haya ningekuwa na funzo zuri, na ningekuwa nimewadanganya wale kumi na mmoja barazani.

Naogopa pia, nakiri. Ile familia ina wajukuu na tunasalimiana msibani. Wapo wazee watakaosema namfanya mama yangu mwizi. Wapo watakaosema nauchafua ujamaa, na wengine kwamba nautetea. Nimejaribu kuandika doa lile akilipata mtoto mwingine, si Somoe. Halikukaa. Nililisoma kwa sauti usiku, peke yangu, nikasikia linavyopwaya.

Kilichonirudisha kwenye daftari ni wale watoto. Nilikuwa nimewapa bibi asiyegeuka nyuma, nikadhani ndicho wanachoweza kukibeba. Wao walikuwa wanaangalia chini ya mti. Wana umri wa kujua korosho ni ya nani, kwa hiyo wana umri wa kusoma habari ya aliyeiokota.

## Tawi

Sura mpya ilikamilika mwanzoni mwa Novemba. Inaanza na kengele, alfajiri, na Somoe ambaye ameshaamka. Kabla ya kuipeleka Newala nilimpigia mama, nikamsomea yote kwenye simu, pamoja na doa, pamoja na dawati. Alinyamaza hadi nikafikiri mtandao umekatika.

"Ule mkorosho wa kengele umeuandika vibaya," akasema.

"Vibaya vipi, mama?"

"Umeuandika kama mti wa serikali. Ulikuwa wa kwao. Wa babu yao yule binti. Wa kwanza kupandwa."

Nikachukua kalamu.

"Andika na tawi lake. Lilikuwa limelala hadi chini, refu, limechubuka magome kwa kukaliwa. Jioni kabla ya kisomo watoto wote tulipanda pale, tunapangana kama ndege, tunalitikisa."

"Na yeye?"

"Na yeye."

"Hata baada ya lile la dawati?"

"Ndiyo. Ila alikaa mwisho kabisa, kule kwenye ncha, tawi linapogusa mchanga. Tukilitikisa, yeye ndiye anayerushwa juu zaidi."